Bibi na Mwisho wa Opera

Sijamharibia Bibi kitu, mama. Nimemuonyesha filamu yake tangu mwanzo, maana miaka yote aliujua mwisho tu. Ndivyo nilivyomjibu mama leo jioni tukichagua mchele, naye akasema, "Nani alikuomba?"

Wewe unayesoma labda hukulijua lile jumba la sinema la mjini. Siku hizi ni stoo ya mabegi. Leo nimepita wanashusha mzigo palepale palipokuwa dirisha la tiketi. Zamani Bibi alikuwa anafagia pale. Jumapili mchana tulikuwa tunatoka naye nyumbani, mtaa wa Gerezani, kwa miguu, mimi nimebeba ufagio, tunasimama nyuma ya pazia kungoja watu watoke. Kwa hiyo Bibi hakuwahi kuona sinema nzima. Anaona dakika kumi za mwisho, taa zinawashwa, tunaanza kuokota maganda ya karanga na bisi zilizokanyagwa.

Mwenye jumba, mzee wa Kihindi, alipenda opera za Ulaya, zile tamthilia za kuimba, zilizorekodiwa jukwaani. Iliyorudiwa sana ni ya mwanamke aliyekunywa sumu. Anaimba, anaanguka, anainuka, anaimba tena.

"Huyu anakufa kwa awamu," nilisema siku moja.

Bibi akanifinya. "Nyamaza, mke mwenzangu. Anamaliza ya moyoni."

Tukirudi nyumbani, huku anakanda unga wa maandazi, ananisimulia mwanzo aliotunga mwenyewe. Yule mwanamke alikuwa anauza maandazi kwenye geti la bandari. Kulikuwa na kuli mmoja mrefu, mcheshi, anakula mawili na la tatu analificha kwenye kofia. Akamuahidi ndoa, akapanda meli, hakurudi, na mwanamke ana mimba. Mi niliamini kabisa Ulaya kuna maandazi.

Sasa juzi nimeikuta opera nzima mtandaoni, ina maandishi ya Kiingereza chini. Nikamaliza bando langu lote, nikamkalisha Bibi, nikawa namtafsiria. Kumbe mwanamke ni binti wa tajiri, na yeye ndiye aliyemkimbia mwanaume wa watu. Nikamwambia, "Umeona Bibi, ulikuwa unakosea."

"Kumbe," akasema, akaenda kulala, jua bado lipo. Tangu hapo hasimulii kitu. Jana mtoto wa jirani alimuomba hadithi ya mwanamke wa sumu, akaninyooshea kidole mimi, akamjibu, "Muulize dada yako, yeye ndiye anaijua."

Nilipomueleza mama hayo yote ili nijitetee, akaweka ungo chini.

"Mimi baba yangu sijawahi kumuona," akasema. "Nilimuuliza Bibi yako mara moja tu, nikiwa mdogo, akalia siku nzima. Sikurudia. Nilijua tu kwamba enzi hizo alikuwa anauza maandazi bandarini. Nilichokuja kupata ni huyo kuli wa kwenye hadithi. Nilikuwa nakaa mlangoni namsikiliza anavyokusimulia wewe."

Nikauokota ungo. Nikamalizia kuchagua mchele uliobaki.

Jumba limeshakuwa stoo, mzee wa Kihindi amefariki, na waliokula maandazi ya Bibi pale getini sijui kama amebaki hata mmoja. Aliyebaki ni Bibi, na nimemfunga mdomo mwenyewe kwa haraka zangu. Kesho asubuhi, kabla mama hajaamka, nitakaa naye jikoni. Nitamuomba radhi kwanza. Halafu nitamuuliza yule kuli alikuwa anaitwa nani.