Vitalu Viwili vya Hombo

Chombo cha mwisho kurudi Moroni nilikiacha kwa sababu ya nyanya. Cheka ukitaka, mke wangu alipokuja kuijua sababu, hakucheka. Nilikuwa bwana shamba, nimetumwa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha jirani, na ofisi ya Moroni kufanya jaribio, na zilikuwa zimebaki wiki mbili tu nivune na kupima. Waliotaka kisiwa kile kijitenge na serikali ya Moroni walikuwa wameshapandisha bendera yao. Mimi na kichwa changu kigumu nikasema, siasa itapita, nyanya zitaoza.

Shamba lenyewe lilikuwa juu ya mtaa wa Hombo, kipande kidogo cha mteremko nilichokigawa vitalu viwili sawasawa. Kimoja nilikimwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni, kama wanavyofanya wakulima wote. Cha pili nilikitandikia mipira yenye vitundu, maji yanadondoka tone kwa tone kwenye mashina, tena pale tu kipima unyevu nilichokichomeka ardhini kinapoonyesha kwamba udongo umekauka. Miaka minne nilibishana na wakubwa wangu kwamba mkulima wa mlimani anaweza kupata nyanya nyingi zaidi kwa maji machache. Wakanipa msimu mmoja: lete uzito wa kitalu hiki na uzito wa kile, ndipo tutakuamini. Bila namba hizo mbili, nilikuwa napiga domo tu.

Nilipanga chumba karibu na shamba, kwa bibi mmoja mjane. Nilimwita Koko, ndivyo watu wa kule wanavyowaita bibi zao. Zamani alifanya biashara ya karafuu Unguja, nami Unguja ndiko nilikozaliwa, kwa wazazi Wangazidja, kwa hiyo tukielewana kwa Kiswahili. Kinzuani chake, lugha ya kisiwa kile, nilikisikia vizuri, lakini kukisema kilinishinda.

Kisha askari wa Moroni wakateremka bandarini, wakapigana, wakashindwa. Kuanzia hapo kila Mngazidja, mtu wa kisiwa cha Moroni kama mimi, aliyekuwa Mutsamudu akawa mtu wa kutafutwa. Koko akanipandisha chumba cha juu, akafunga dirisha, akaniambia, "Mwanangu, wewe sasa huna miguu."

Siku tisa! Nilikaa nikitazama ukuta uliobambuka chokaa, jasho linanitiririka, natamani kupiga kelele. Mke wangu hakujua kama nipo hai. Hasira zilinijaa mpaka nikamchukia hata yeye aliyenificha. Na nyanya zilikuwa zinaiva. Kila alipoleta chakula nilimuuliza, "Koko, shamba?" Naye hujibu, "Lipo." Nikampa mizani, nikamwomba avune kitalu kwa kitalu, asichanganye, aandike uzito. Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya tisa adhuhuri aliingia ananuka majani ya nyanya, viganja vimekuwa vya kijani. Nikaruka kitandani. "Umevuna?"

"Nimevuna zote."

"Umepima? Kilo ngapi huku, ngapi kule?"

"Sikupima. Nimezitia kapu moja, nikazigawa."

Lahaula! Sijawahi kumpandishia sauti mtu wa umri ule, lakini siku ile nilimfokea. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia kazi yangu yote ameigeuza mchuzi wa watu, na kwamba ningejua ningepanda chombo nikaenda zangu kwetu. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Punguza sauti, mpumbavu we. Nimezigawa kwa jina lako. Kila mlango wa uchochoro huu umepata sahani. Nimewaambia wazi, hizi kazitoa mgeni wangu Mngazidja, yuko juu kwangu. Wakapokea. Sasa wamekula chako."

Yaani amenificha siku tisa, halafu anapita nyumba hadi nyumba kutangaza nilipo!

"Walijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Uchochoro huu mtu hapigi chafya peke yake. Walikuwa hawajaamua tu kama watakuuza au watakuficha."

Alasiri wakaja wapiganaji wa waliojitenga, wakiwasaka Wangazidja. Nilisikia viatu, kisha kitako cha bunduki kikigonga mlango wa nyumba inayotuelekea. Palikaa mzee mmoja ambaye kutwa aliwalaani Wangazidja barazani, kwa sauti ya kunifikia pale juu. Wakamuuliza kama kuna mgeni yeyote uchochoroni. Kutoka jikoni kwake ilipanda harufu ya nyanya na vitunguu, nami, Mungu anisamehe, nikajikuta nawaza zile ni za kitalu kipi.

"Mgeni?" mzee akasema. "Hapa tuko jamaa watupu. Nendeni zenu."

Viatu vikaondoka. Nikakaa chini sakafuni nikalia. Moroni nilifika baada ya miezi, mikono mitupu, na wakubwa wangu swali lao lilikuwa moja: kitalu kipi kilishinda? Nikawajibu kwamba sijui, na mpaka leo sijui.