Jina Nililoliinua Uwanja wa Ndege

Mimi nimejijenga mwenyewe, na hilo nalisema bila kuombwa. Nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni mlimani. Biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi nikanunua gari, kisha jingine, nikapanga ofisi Moshi mjini. Kiingereza nilikisema kile cha mlimani, cha pole pole na maji ya moto. Kukisoma, hapana. Hilo nililificha hata nyumbani.

Intaneti ilipoingia, nikataka tovuti kabla ya wenzangu. Binti wa dada yangu, aliyesomea kompyuta, akaitengeneza. Mgeni anajaza huko kwao jina, ndege, chakula. Maelezo yanasafiri hadi kwetu, mashine inatoa karatasi. Ya kwanza ilipotoka, tarehe na saa ya ndege vilikuwa sawa. Penye mgeni paliandikwa: object Object. Nikanakili kwa herufi kubwa kwenye kadibodi, nikaenda uwanja wa ndege.

"Mzee, huyo jina lake na la babake ni moja?" dereva mmoja akaniuliza.

"Kwao ndivyo. Huyu kanitafuta kwa kompyuta. Ninyi endeleeni kugombania wageni stendi."

Abiria wakatoka, wakaisha. Akabaki mama mmoja wa kizungu mwenye mvi, akipita na kurudi mbele yangu, akisoma vibao. Dereva mwingine, aliyemaliza kidato cha nne, akanisogelea.

"Shikamoo mzee. Hilo si jina. Maana yake ni kitu. Umeandika Kitu Kitu."

Madereva walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamwendea yule mama, nikageuza kadibodi, nikampa kalamu. Akaandika jina lake. Nililitazama, sikuthubutu kulitamka mbele yao. Nikachukua mabegi.

Ofisini nilimkuta yule binti wa dada.

"Kosa langu, mjomba. Sehemu ya programu inayobeba habari kutoka kwa mgeni inapitisha maneno tu. Mimi niliitupia mgeni mzima mzima kama furushi, na jina lake humo ndani. Ni kama kutaka kupitisha mkungu wa ndizi kwenye simu. Upande wa pili wanaambiwa tu kuna kitu." Akanigeukia. "Lakini hukuona kwamba si jina?"

"Nilikuwa na haraka."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kompyuta. Karatasi iliyofuata ilikuja imegawanywa: jina peke yake, ndege peke yake, chakula peke yake, na kila kichwa kwa Kiswahili badala ya Kiingereza. Sikuwa nimemwomba. Mimi, msemaji wa kila kikao cha ukoo, mpaka leo sijamwambia ahsante.