Chupa Isiyo na Mustari

Siku yangu ya kwanza ku Luano, kiwanja cha ndege, nilitazamia ndege, nikapewa ufagio. Miye niliyetoka shambani na mikono migumu ya jembe, niliyekula kiapo mbele ya bendera, nikaambiwa nifagie simenti mahali ndege zinaposimama. Nilinuna. Ajida, mukubwa wetu wa kazi za chini, akaokota kijiwe kama punje ya maharagi, akakiweka mbele ya macho yangu.

"Unaona hii? Moteri inavuta kama pua. Ikivuta hii, bantu banakufa. Sasa fagia."

Nikafagia. Ninyi wajukuu munaonisikiliza na telefone mukononi, musicheke. Ndege hairuki kwa nguvu za rubani peke yake. Iko na bantu bake ba chini, na wakati wa vita miye nilikuwa mumoja wao, mwanamuke peke yangu katika kikosi. Balinipa jina: Weye-wa-Jembe. Sikukasirika. Jembe lilinilisha kabla ya jeshi, na linanilisha leo.

Kutoka kwa ufagio nilipanda. Nilijifunza kuweka kale, vipande vya mbao mbele na nyuma ya gurudumu ili ndege isitembee. Nilijifunza kuongoza ndege kwa mikono, maana mbele ya moteri hakuna anayesikia mudomo. Ukipinga mikono juu ya kichwa kama musalaba, rubani anazima. Hata kama ni jenerali amekaa ndani, anazima.

Kisha nikapewa mafuta, na hapo nilijivuna kweli. Lori ya mafuta ilikuwa imekufa, kwa hiyo tulijaza ndege kutoka kwa mapipa, na pompe ya mukono. Ajida alinifundisha kwamba pipa halisimami. Unalilaza ubavu. Likisimama, mvua inakaa juu ya kifuniko kama katika sahani, na hata ukikaza kizibo namna gani, pipa linapumua: juani linatoa hewa, baridini linavuta, na linavuta pamoja na mayi. Ukimaliza kujaza ndege unangoja, mayi yashuke chini ya mafuta. Halafu unafungua bomba dogo chini ya bawa, unakinga kidogo katika chupa ya kioo. Mafuta ya ndege ni meupe kama mayi, lakini hayachangamani nayo. Ukiona mustari katikati ya chupa, mayi chini, mafuta juu, unamwaga mpaka mustari uishe. Hakuna mustari, unatia sahihi.

Mwenzangu wa mafuta alikuwa Kabeya, kijana aliyesoma. Yeye aliandika daftari na kuchunga funguo za depo. Miye nilijua kuandika jina langu, basi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa sitajipaka sukari. Mwaka ule mvua ya kwanza ilichelewa. Mama yangu alikuwa mugonjwa, shamba letu nyuma ya Luano lilikuwa limelimwa na mbegu zinangoja. Alasiri moja wingu likawa jeusi upande wa Bel-Air. Lori ya mizigo ilikuwa imeshusha mapipa saba, yote yamesimama, na kuyalaza ilikuwa kazi yangu.

"Na mapipa?" Kabeya akauliza.

"Kesho asubui."

Nikachukua jembe nikaenda. Nilipanda mahindi mvua ikinipiga mugongo, nikiimba. Asubui nikayalaza mapipa, nikasema moyoni, hakuna aliyeona.

Siku ya pili amri ikatoka: ndege iende Kilwa, ile yetu ya ziwani, kuchukua baaskari ba vidonda na ba homa. Barabara ya kule ilikuwa matope matupu. Tukajaza, tukangoja, tukafungua bomba. Kabeya akainua chupa kwenye jua.

"Hakuna mustari. Safi."

Nikaangalia na miye. Safi kabisa. Tukatia sahihi. Moteri zikaanza, nikaondoa kale, nikapangusa jasho usoni na mukono ulioloana nilipofungua bomba.

Hakuna harufu.

Muntu wa mafuta ya ndege analala na ile harufu, anakula nayo bukari, ugali wetu, inamungoja kanisani. Siku ile mukono wangu ulinuka kama mukono uliotoka kuosha mboga za lengalenga. Hapo nikaelewa. Mustari haukuonekana kwa sababu chupa nzima ilikuwa mayi.

Nikakimbia mbele ya ndege, nikapinga mikono juu ya kichwa. Ajida alipiga kelele, sikumusikia. Moteri zikazimika. Kapiteni, rubani wetu, akashuka macho mekundu.

"Weye wa Jembe, toka mu njia! Bantu banakufa kule!"

"Ni mayi, mon capitaine."

"Mayi gani? Mulitia sahihi! Chupa iko safi!"

"Iko safi kwa sababu yote ni mayi."

Nikaona hataniamini, na nikaona anageuka kupanda. Nikamunyang'anya Kabeya chupa, nikakunywa. Mafunda matatu. Ilikuwa na ladha ya kutu, na mafuta kidogo kwa mbali, lakini mayi ni mayi.

"Mama yangu, anakunywa kérosène!" Kabeya akalia.

"Ni mvua," nikasema.

Kapiteni akachovya kidole, akaramba. Akakaa juu ya ngazi ya ndege, akavua kofia.

Halafu Ajida akageuka. "Nani aliacha mapipa yamesimama? Kabeya, funguo ziko na weye."

Wakati ule wa vita, kuharibu ndege kuliitwa usaliti. Ukiandikiwa usaliti, haurudi nyumbani tena. Kabeya aliniangalia. Alijua, aliniuliza kwa mudomo wake mwenyewe kuhusu mapipa yale. Na hakunitaja, akiniachia miye niseme. Nilifikiri mama yangu kitandani. Nilifikiri Kabeya pia ana mama.

"Ni miye, Ajida. Nilienda kupanda mahindi."

"Mahindi?"

"Ndiyo, Ajida."

"Mengi?"

"Matuta kumi na mawili."

Kapiteni akaanza kucheka pale ngazini, kicheko cha muntu aliyerudishiwa miguu yake. Ajida hakucheka. Alinivua galoni yangu ya koporo, utepe wa cheo begani, mbele ya wote. Akasema mwezi muzima nitalaza mapipa yote peke yangu. "Na kila mupya atakayekuja, weye ndiye utamufundisha. Utamuonyesha chupa ya mayi matupu, atanusa kabla ya kuangalia."

Hakuniandikia usaliti.

Tukamwaga yote. Tukajaza upya kutoka kwa mapipa ya zamani, tukipitisha mafuta katika ngozi laini inayozuia mayi. Ndege ikaruka saa sita. Sikula. Saa kumi nikaisikia, moteri mbili, sauti moja, haikohoi. Bagonjwa bakashuka, mumoja anadai sigara. Kapiteni akapita mbele yangu, akanitia mukononi samaki mukavu wa Kilwa.

"Ya mama yako. Na mahindi yakikomaa, yangu itakuwa wapi?"

Miezi ikapita, akala mahindi mabichi ya kuchoma, amesimama palepale chini ya bawa.

Galoni ilirudi, na ingine juu yake. Nilifundisha bapya mpaka siku ya pansio, nilipostaafu, na hakuna hata mumoja aliyetia sahihi kabla ya kunusa. Kabeya alikuja kwenye sherehe yangu na mvi zake. Alinikumbatia kwa muda murefu, akaniuliza kama bado nina kiu.

Sasa niko shambani kwangu, karibu na Luano ileile. Ndege ikipita ninasimamisha jembe mpaka sauti iishe vizuri, halafu ninaendelea. Na mvua ya kwanza ikitisha kutoka Bel-Air, ninabeba mbegu ninaenda kupanda, na siangalii nyuma. Hakuna pipa langu lililosimama mahali popote.