Oberek Kwenye Harusi ya Binti Yangu

Oberek ni ngoma ya Wapolandi ya kuzunguka. Wawili wanashikana, wanazunguka wao na huku wanauzunguka ukumbi mzima, mwanamume akipiga mguu chini kama ana ugomvi na sakafu. Fidla inakimbia, kodiani inaifukuza. Niliamua kujifunza kwa sababu binti yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Kipolandi, nami nilitaka kitu kimoja tu: kucheza na binti yangu siku ya harusi yake. Ratiba ilijaa ngoma za upande wa pili. Yetu haikuwamo hata moja.

"Mama, relax," aliniambia. "Jifunze hii, tutacheza pamoja."

Basi kila Jumamosi nikawa natoka kwangu Scarborough, safari ndefu ya kuchosha, hadi ukumbi wa chini wa kanisa lao, kufundishwa na mama mkwe wake. Mwili wangu umelelewa na chakacha. Kazi yote ni ya kiuno, miguu inatulia. Kule kiuno kinatakiwa kinyamaze. Nilichemsha vibaya. Siku moja nikasema nami nimwonyeshe chetu: nikamfunga kanga kiunoni, kama tunavyomvuta mtu uwanjani acheze. Akaifungua, akaikunja vizuri, akanishukuru kwa zawadi.

Siku ya harusi oberek ikapigwa, binti akanyakuliwa na baba mkwe, kisha mashemeji, kisha sijui nani. Mimi nimekaa na viatu vipya vinavyobana, nimevimba kwa hasira. Mama mkwe akaniinamia: kwao zamani, anayetaka kucheza husimama mbele ya mpiga fidla akamwimbia wimbo, naye huupiga huohuo. "Nenda," akasema.

Nikaenda. Haukunijia wimbo mwingine ila ule niliokuwa nikimwimbia binti yangu nikimwogesha, kila jioni, mpaka alipokua akanikataza. Mzee wa fidla alisikiliza ameinamisha kichwa, akaudaka, akautia mbio. Watu wakapiga kelele. Binti akaja mwenyewe, akanishika, tukazunguka. Miguu ikanikosea na sikujali.

Akaniletea mdomo sikioni, anahema, furaha tupu. "Mama, this one is the best! Huu wimbo wao unaitwaje?"

Nilitaka kusimama palepale nilie. Lakini fidla haikusimama, na mikono ya binti yangu ilikuwa imenishika. Nikauimba upya sikioni mwake, neno kwa neno, kwa hasira zangu zote, huku tukizunguka.