Zakia Akataa Kubebwa

Kabla daraja la kuvuka ziwa halijajengwa, magari yalipopanga foleni Busisi kusubiri kivuko, Zakia alipita dirisha hadi dirisha akiuza chapati na chai ya maziwa. Kwa kazi hiyo aliwalea Faisal na Nusrat peke yake, na akanunua kiwanja Usagara. Kisha kisukari kikasababisha akatwe mguu wa kushoto. Akahamia kwa Nusrat, Mkuyuni, akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Mwaka huu aliuza kile kiwanja. Alitaka boti ya familia, ya kwenda visiwani Jumapili na wajukuu, maana alichoka kukaa sebuleni akiangalia matembezi ya wenzake kwenye simu.

Alikwenda na wanawe kwa Nestory, fundi wa boti, aliyekuwa na boti mbili za kuuza ufukweni, zimefanana kama mapacha: sakafu bapa juu ya mapipa mawili marefu ya alumini, turubai la bluu, viti pembeni. Ila moja ilikuwa na spika kubwa, injini yenye nguvu na kilango chembamba ubavuni. Nyingine ilifunguka mbele, upana wa kutosha kiti cha magurudumu kupita.

"Shikamoo mama," Nestory alisema.

"Marahaba."

Akamgeukia Faisal, na hakumtazama Zakia tena. Wanaume hao wawili walipanda ile yenye spika, wakafungulia muziki. Zakia aliachwa juani kwenye gati. Nusrat alipouliza kuhusu kilango, Faisal alicheka.

"Mama tutambeba. Mwenyewe kawa mwepesi siku hizi."

"Watu wawili wanatosha," Nestory akaongeza.

Zakia alikumbuka ngazi za hospitali na za ukumbi wa harusi, alivyonyanyuliwa kwa makwapa, gauni limepanda mapajani, watu wanatazama.

"Faisal, shuka."

"Subiri kidogo mama, tunajaribu injini."

"Nimesema shuka. Mimi si gunia la mkaa. Mnanishika popote mnapotaka, halafu mnacheka. Umeniuliza lini kama nataka kubebwa?"

"Lakini hii ina kasi, mama."

"Basi kanunue ya kwako." Akamgeukia fundi. "Na wewe, mnunuzi ni mimi. Ongea na mimi."

Nestory alizima muziki. "Samahani, mama. Unachukua ipi?"

"Ile inayofunguka mbele. Weka ubao nipande."

Alisukuma magurudumu mwenyewe. Nusrat alimfuata nyuma bila kumgusa. Kiti kilikwama ukingoni. Akarudi nyuma, akasukuma tena, kikapita. Alipogeuka, Faisal alikuwa ameshaondoka bila kuaga.

Jumapili ya safari ya kwanza Faisal hakuja, na watoto wake akawazuia. Alituma ujumbe kwamba mama amemdhalilisha mbele za watu. Zakia aliusoma, akamrudishia Nusrat simu. Kilichomuuma zaidi ni wale watoto; pilau yao alikuwa ameshaipika.

Muhidin, mume wa Nusrat, ndiye aliyeendesha. Faisal alisema kweli, boti ilikwenda polepole. Zakia alikaa mbele kabisa, breki za kiti amezifunga, ushungi ukipepea.

"Nimpigie kaka, mama?" Nusrat aliuliza. "Wiki ijayo aje?"

"Mpigie. Mwambie aje aniombe radhi, na wanawe wasikie."

"Hatakubali."

"Basi alete watoto, yeye abaki ufukweni."

Akamwambia Muhidin asikate kona kurudi, waendelee mpaka kisiwani.