Aliyebuni Zipu

Siku ile barazani kwa fundi cherehani, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, tulikuwa watano: fundi mwenyewe, mkewe aliyekuwa akimenya viazi, mimi, na wadogo zangu wawili, mmoja akijaribishwa sketi ya sekondari, mwingine akimcheka. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi niliachia shule darasa la sita nikashika genge la nyanya, kwa hiyo sketi ile ilikuwa ya kwanza kwetu.

Fundi alikuwa na kitabu cha maswali kuhusu watu mashuhuri na mambo ya dunia. Alikinunua kwa wauza vitabu vya mtumba, kurasa za majibu zikiwa zimechanika. Basi fundi akawa anamdai kila mteja jibu moja. Mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu alimpata kwa mwalimu wa Upanga. Aliyegundua penisilini alimpata kwa nesi aliyeleta gauni kupunguzwa. Likabaki swali moja: nani alibuni zipu?

"Nashona zipu kila siku, baba yake simjui," alisema.

"Si umwombe mwenye simu kubwa akutafutie?" mkewe akamchokoza.

"Simu haijavaa nguo yangu." Akamgeukia mdogo wangu. "Mwanangu, sketi hii sitaki hela. Niletee jibu kutoka shuleni, kwa mdomo wako."

"Asipoleta, ifumue!" mwingine akadakia. Tukacheka.

Shule ilikuwa ya bweni, mkoani. Baada ya miezi kadhaa akanipigia kwa simu ya matroni.

"Dada, nimempata! Kumbe hawakuwa mmoja. Mmarekani alianza, ikawa inaachia ovyo, halafu mhandisi mzaliwa wa Sweden akaja kuirekebisha. Lakini usimwambie. Nitamwambia mwenyewe likizo."

Nikaahidi.

Wakati huo fundi alikuwa ameshaanza kuugua. Nilikuwa nampelekea uji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mdaiwa wangu anasemaje?"

"Jibu amepata. Anakuja nalo likizo."

"Basi na wewe unalijua. Nionjeshe kidogo, mama."

Nilitikisa kichwa, nikitabasamu. Niliona nimeshika ahadi, na ahadi kwetu haivunjwi. Hakunilazimisha. Akaendelea kupuliza uji wake.

Wiki ile ile ndugu zake walikuja kumchukua kumpeleka kwao Lindi. Hakurudi.

Likizo ilipofika, mdogo wangu alimkuta mjane akifunga vitu. Alikaa chini, akamweleza habari ya zipu tangu mwanzo, bila kuruka jina hata moja. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono.

"Nimesikia, mwanangu. Lakini mimi sikukudai."

Mdogo wangu akaniangalia. Mimi nikaokota kamba, nikasaidia kufunga vitu. Siku hizi naye ni mwalimu, ana watoto wake, na jibu la fundi bado tunalo.