Fundi wa katambuga aliyemtafuta dada miaka 19

Saa moja kasoro asubuhi, Luhaga Masunga amekwisha kulaza tairi bovu la lori mbele ya kibanda chake, pembeni mwa soko mjini Bariadi. Analowesha kisu kwenye kopo la maji, analikanyaga tairi kwa mguu wa kushoto, anakata. Raba inatoa mlio wa kukera, lakini mkono wake hautetereki.

"Mwangaluka, fundi!" anasalimia mfugaji mmoja kutoka Nkololo.

Luhaga anaitikia bila kuinua uso. Macho yake yako chini, kwenye miguu ya mgeni. "Wa kulia umevimba," anasema. "Kaa hapa nikupime upya."

Ana umri wa miaka 51, na 30 kati ya hiyo ameimaliza akikata katambuga, yale makubazi ya tairi ambayo wafugaji wa Simiyu hawayabadilishi na kiatu chochote cha dukani. Siku za kawaida anauza pea tatu au nne. Siku ya mnada zinafika hata kumi na tano. "Mwiba wa Meatu haujali kiatu chako kina jina gani," anasema. "Ila katambuga unaiheshimu."

Wenzake sokoni wanamwita Mzee wa Miguu. Jina hilo hakulipata kwa ufundi peke yake. Kwa miaka 19 hakuna mwanamke wa makamo aliyepita mbele ya kibanda hiki bila kuchunguliwa vidole.

"Kuna mume mmoja alikuja na fimbo," anakumbuka, akicheka mpaka anaweka kisu chini. "Nikamwambia namtafuta dada yangu. Akaniuliza, dada yako anaishi kwenye ndala za mke wangu?"

Kisha anaacha kucheka, anavua katambuga yake na kuunyoosha mguu mbele ya mwandishi wa makala haya. Kidole cha pili na cha tatu vimeshikana mpaka karibu na kucha. Hivyo ndivyo alivyozaliwa.

Mwaka 2006 mama yake, Anyes, alikuwa mahututi nyumbani kwake Nkololo, macho yamekwisha kupoteza nuru. Binti yake Apolonia alikuwa amemuuguza wiki nzima. Jioni moja Luhaga alifika kutoka mjini, akamkuta dada yake huyo anatoka kwenda kuteka maji. Akaingia kimya, akashika bakuli la uji na kuanza kumlisha mama.

"Akaushika mkono wangu," anasimulia Luhaga. "Akasema kabla hajaolewa na baba alizaa mtoto, akamtoa kwa watu waliokuwa hawana mtoto. Akasema, 'Ng'wanone, mtafute ilumbu lyako. Vidole vyake vya mguu ni kama vya Luhaga.' Hakuongea tena."

Ng'wanone ni mwanangu; ilumbu, kwa mwanamume wa Kisukuma, ni dada yake. Luhaga alipomaliza kulia alimwambia Apolonia kwa Kiswahili: tuna dada, mkubwa wetu, na vidole vyake ni kama vyangu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alizunguka parokia, zahanati na minada. Mara mbili aliuza mbuzi ili apate nauli ya kufuatilia mwanamke aliyesikia ana vidole vya namna hiyo, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Lakini Luhaga anakiri alichoka, tena sana. Mwezi Juni mwaka huu aliamua kufanya jaribio la mwisho, akaenda na Apolonia kwenye redio moja kutoa tangazo. Mtangazaji alikwisha kuandika "tunamtafuta dada yetu" Luhaga alipomzuia.

"Nilimwambia, hapana, weka maneno ya mama kama alivyoyasema. Nikayatamka yote."

Apolonia alimshika bega. Katika miaka 19 hakuwahi kuyasikia maneno yale yalivyokuwa.

"Kama vya Luhaga?" aliuliza. "Mama angekuambia wewe 'kama vya Luhaga' au angesema 'kama vyako'?"

Luhaga alijibu kwamba siku zote alidhani ni homa iliyomchanganya mgonjwa.

"Hakuchanganyikiwa," Apolonia akasema. "Alikuwa haoni. Mkono aliushika wako, lakini alidhani anaongea na mimi."

Na hapo neno likageuka. Ilumbu ni ndugu wa jinsia nyingine. Mwanamume akiambiwa ilumbu lyako, anaambiwa dada. Mwanamke akiambiwa neno hilo hilo, anaambiwa kaka. Miaka yote ile fundi alikuwa anachungulia miguu ya wanawake, na miguu ya wanaume anaishika mikononi.

"Nikamwambia mtangazaji aache kuandika," anasema Luhaga. "Kwa sababu mguu ule nilikuwa naujua."

Anainuka na kuvuta boksi chini ya meza. Ndani mna vipande vya maboksi vyenye michoro ya nyayo za wateja wenye miguu migumu kupimwa. Anachomoa kimoja. Kidole cha pili na cha tatu vimechorwa kwa mstari mmoja. Chini pameandikwa kwa kalamu: Kasmiri, Lamadi, dagaa.

Kasmiri, mwenye miaka 54, ni mchukuzi wa dagaa. Kwa miaka minne amekuwa akija Bariadi na mzigo na kununua katambuga kwa fundi huyu. Siku ya kwanza ya kupimwa, Luhaga alimtania: "Kaka, fundi aliyetushona mimi na wewe ni mmoja." Wakacheka, kila mmoja akashika njia yake.

Maneno hayo yalimsisimua hata mwandishi, na Luhaga mwenyewe mpaka leo hawezi kuyarudia bila kutikisa kichwa. "Mungu alinisemesha ukweli, mimi nikadhani natania!"

Baada ya kuwauliza wachukuzi wa dagaa mpaka akaijua nyumba yake, wiki iliyopita alipanda gari kwenda Lamadi, kile kipande cha boksi kifuani. Mlangoni alipokewa na mama aliyemlea Kasmiri, Felisita, mwenye miaka 81. Bibi huyo alianza na miguu ya mgeni, kisha uso, kisha akakaa chini pale pale.

"Mwanangu nilimwogesha miaka mingi," anasema Felisita kwa simu. "Vidole vile ningevijua hata gizani."

Alitoa karatasi ya kuasili aliyoitunza kwenye sanduku. Imeandikwa jina la mzazi: Anyes, wa Bukundi. Kasmiri aliijua karatasi hiyo tangu darasa la saba, na mara mbili alikwenda Bukundi kuulizia, asijue kwamba Anyes alikwisha kuolewa Nkololo.

Na Kasmiri alisemaje alipomkuta fundi wake sebuleni? Luhaga anacheka huku akifuta macho. "Aliitazama miguu yangu, akaitazama yake. Halafu akasema, 'Miaka minne yote hukunipunguzia hata mia!'"

Usiku ule Luhaga alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akimwosha miguu utotoni, na jinsi alivyokawia kwenye vidole vile viwili. "Nilidhani ananionea huruma. Kumbe alikuwa anaosha miguu ya wawili."

Jumapili ijayo Kasmiri atafika Nkololo kwenye kaburi la Anyes, pamoja na mama Felisita, aliyekataa katakata kuachwa. Apolonia hajazungumza naye bado. Simu aliikataa. Alisema anataka kuliona ilumbu lyake kwa macho.

Luhaga anarudi kwenye tairi. Kwa safari hiyo anakata pea mbili, moja ya Kasmiri na moja yake mwenyewe, zote kwa kipimo kimoja. Siku hiyo, anasema, hatatangulia.

"Apolonia ndiye atakwenda kumpokea, mimi nitakuja nyuma. Neno lile halikuwa langu. Mama alimpa yeye, mimi nilimshikia tu."